Nilivyowalewesha Wageni kwa Tangawizi

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia vitunguu, usijali. Nitakukumbusha kwa kifupi, na sikudai kitu.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Mtaani wananiita Breki. Gari langu la kufundishia lina breki mbili, moja chini ya mguu wa mwanafunzi na nyingine chini ya mguu wangu, na ya kwangu ndiyo inayochakaa mapema. Mke wangu naye ananiita Breki, lakini yeye hazungumzii gari. Anazungumzia mfuko wangu.

Wiki iliyopita niliishia pale familia ilipogawana kazi za harusi ya binti yetu wa pekee. Vinywaji vikaangukia kwangu. Kaka wa mke wangu, huyu shemeji tunayemwita Pipa kwa sababu ambazo utaziona mwenyewe, akashika kichwa.

“Vinywaji apewe Breki? Basi tubaki nyumbani!”

Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka. Alisubiri wageni waondoke, akafunga mlango, akaniambia maneno ambayo naomba uyaweke kichwani mpaka mwisho wa hadithi ya leo.

“Umenibania kila kitu tangu unioe, nimevumilia. Nakuomba siku moja. Siku moja tu, ya mwanangu, usibane. Ukibana na siku hiyo, mimi na wewe basi.”

“Haki ya Mungu, sibani,” nikasema.

Alipotoka niliona sanduku la kijani nyuma ya mlango wa chumba chetu, limejaa mpaka zipu inalalamika. Nikajua ni la binti. Si ndiye anayehama? Nikalisukuma kwa mguu, nikapita.

Hapo ndipo tulipofika. Haya, sogea karibu.

Msomaji, niliapa kwa moyo mweupe kabisa. Kiapo kilidumu mpaka duka la jumla.

Mwenye duka alichukua kalamu. “Ukoo wenu wanakunywaje?”

“Kama watu walioambiwa kesho viwanda vinafungwa,” nikajibu kwa ukweli.

Akaongeza kreti. Nikamtajia upande wa bwana harusi, akaongeza tena. Nikamtajia Pipa. Akaweka kalamu chini, akaniangalia kwa huruma.

“Huyo namfahamu. Mtengee meza yake.”

Aliponitajia jumla nilimwomba airudie. Usinielewe vibaya, hela nilikuwa nayo. Ilikuwa mfukoni, imekunjwa vizuri, imepata joto langu. Tatizo halikuwa kuipata. Tatizo lilikuwa kuitoa.

“Ila,” akasema yule muuzaji, maana aliona rangi inanitoka, “kreti ambayo haijafunguliwa unairudisha, na hela yako nakurudishia.”

Maneno hayo asiambiwe mtu kama mimi! Akili ikaanza kunizunguka palepale kaunta. Kama kreti isiyofunguliwa inarudi, basi kreti bora kuliko zote ni ile inayokwenda ukumbini, inaonwa na wakwe, inasifiwa, halafu inarudi dukani bikira.

Nikanunua kreti za kumziba mdomo kila mwenye mdomo. Nikazipanga kwenye stoo ya ukumbi mpaka darini. Mke wangu alikuja kuziona kwa macho yake. Alizitazama, akanitazama mimi, halafu akanikumbatia mbele ya mlinzi.

“Ahsante, mume wangu,” akasema.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilisubiri aondoke, nikafunga stoo kwa kufuli langu mwenyewe, ufunguo nikautia ndani ya soksi ya mguu wa kulia.

Lakini huwezi kuwakalisha watu ukumbini na koo kavu. Wataanza kuuliza. Nilihitaji kitu cha kuwashughulisha mpaka wachoke, waage, waende zao. Nikakitunga mwenyewe.

Asubuhi ya harusi mke wangu na binti walikwenda saluni. Jikoni nikabaki mfalme. Nilichukua sufuria kubwa kuliko zote, nikachemsha tangawizi iliyopondwa, ya kutosha kutibu mafua ya mtaa mzima. Nikakamulia ndimu, nikanyunyiza pilipili manga, nikaunguza sukari mpaka ikapata rangi ya zile chupa zinazofungiwa kabatini madukani. Nikaonja. Ikanishika kooni, machozi yakanitoka, nikashikilia ukingo wa meza.

“Hapa sasa!” nikasema.

Pombe yenyewe nilikuwa na kichupa kimoja, kile bapa kinachoingia mfuko wa shati. Kukimimina kwenye sufuria ingekuwa kukitupa. Nikalowesha kitambaa, nikapangusa mdomo wa glasi moja, nikatia kinywaji changu, nikanusa.

Mama yangu! Pua iliapa kwamba kile kitu kikisogezwa karibu na kiberiti nyumba inakwenda. Nikacheka peke yangu. Nikacheza. Nikajitungia na wimbo: leo mtalewa, leo mtalewa, mtalewa hewa. Kiuno kikafanya mambo ambayo hakijafanya tangu ujana.

Viatu vya mke wangu vya harusi, vile vya rangi ya fedha, vilikuwa pale mlangoni pa jikoni. Nikatikisa kichwa. Mtu anakwenda kushinda saluni kwa ajili ya nywele, viatu anasahau. Nikaigeukia sufuria yangu, nikaendelea na wimbo.

Ukumbini nilimimina mzigo kwenye vyombo viwili vikubwa vya kioo vyenye bomba, nikatia barafu na vipande vya ndimu vikaelea. Kisha nikajificha nyuma ya pazia. Ukumbi mzima ulikuwa umepambwa kwa mapazia ya mke wangu, maana kushona mapazia ndiyo kazi yake, na siku ile alikuwa amejishinda mwenyewe. Nyuma ya kazi ya mikono yake nikapangusa midomo ya glasi zote kwa kile kitambaa. Glasi nilichagua ndogo, zile ambazo mtu akikohoa zimekwisha.

Mbele nikasimamisha kibao: KINYWAJI CHA MABALOZI. NI KALI. TAFADHALI USIZIDISHE GLASI MBILI.

Mwambie mtu asizidishe, halafu kaa pembeni umwangalie.

Ulibaki mtihani mmoja tu, Pipa. Shemeji yangu akinusa kizibo anakutajia chupa, na mwenye chupa, na alikosana na nani. Aliingia mapema kuliko bibi harusi. Akaenda moja kwa moja bombani. Akajaza, akainua, akanusa, akafumba macho. Akapiga yote kwa mkupuo.

Nikatazama mlango wa kutokea.

Pipa akakohoa. Akajipiga kifua ngumi. Macho yakawa mekundu, kamasi likamchungulia.

“Shem,” akasema kwa sauti ya kukwaruza, “hii kitu umeitoa wapi?”

“Ubalozini.”

“Ubalozi gani?”

“Siruhusiwi kusema.”

Akaniangalia kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu nimwoe dada yake. “Nisamehe, shem. Nilikudharau.” Akajaza ya pili, akawageukia wageni waliokuwa wanaingia. “Jamani, taratibu na hii kitu! Hii si ya watoto!”

Foleni ikafika mlangoni.

Mshereheshaji nilikuwa nimeshamwelekeza: mtu akishika kipaza sauti asikatizwe. Shangazi azungumze, mjomba azungumze, mwalimu wa chekechea wa bwana harusi azungumze. Na kila anayesikiliza hotuba mkono unakwenda kwenye glasi.

Kabla keki haijakatwa, ukumbi ulikuwa umelewa.

Naomba tuelewane. Watu walikuwa wamekunywa dawa ya kikohozi. Lakini mama mmoja wa upande wa pili alikuwa amevua viatu anacheza na nguzo. Mzee mmoja alikuwa anamtongoza mke wake mwenyewe, anamuuliza kama ameolewa, na mke anasema hapana. Pipa alikuwa amekumbatia spika, analia, anaiomba msamaha.

Nami nimekaa zangu meza kuu, najipongeza. Kreti zote zimelala stoo, salama salimini. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa meza, amependeza, gauni la zambarau, viatu vya fedha vinang'aa chini ya kitambaa cha meza. Alikuwa ananiangalia. Nikampungia mkono. Hakunipungia. Aliinua glasi yake kidogo, akanywa.

Mambo yalianza kuniharibikia kwa mkwe mwenzangu.

Baba wa bwana harusi ni mstaafu wa forodha. Mtu wa suti, mtu asiyecheka bila kibali. Alinijia tai imetupwa begani, akanivuta shati, akanipumulia tangawizi usoni.

“Mkwe, nimelewa. Kwa hiyo nitasema kweli.”

“Sema tu, mkwe.”

“Sisi binti yenu hatukumtaka.” Akacheka. “Mke wangu alisema, mtoto wa yule bahili? Huyo atatupimia hata maji ya kunawa! Lakini yule mtoto, mkwe, yule mtoto ana mkono! Haji kwetu mikono mitupu, mpaka tunaona aibu. Tukajiuliza, huyu ukarimu kautoa wapi? Ndipo tukakutana na mama yake.” Akanipiga bega. “Kesho usinikumbushe. Pombe hii, mkwe! Pombe hii!”

Akaenda zake anayumba.

Waliosikia walicheka, wakasema mlevi huyo, mwacheni. Mimi sikuweza kucheka. Katika ukumbi ule mzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba mkwe hakuwa amelewa hata chembe. Alikuwa na akili zake zote, zilezile alizokagulia mizigo ya watu. Maneno yale yalikuwa yake, ya siku nyingi. Alikuwa anatafuta tu mahali pa kuyatolea, nami nimempa.

Iliniuma, sikufichi. Nikageuza macho, nikaangalia ukumbi upya. Kila aliyekuwa analia, analia kweli. Kila aliyekuwa anatukana, anatukana kweli. Nikatamani mtu mmoja tu awe amelewa.

Akaja Pipa. Akavuta kiti, akakaa, machozi bado yanamtiririka.

“Shem, mimi nimelewa. Usinisikilize.”

“Sikusikilizi.”

“Dada yangu ameshapanga chumba.”

“Chumba gani?”

“Kule karibu na kiwanda cha magodoro. Kina dirisha kubwa, ameweka cherehani palepale kwenye mwanga. Nikamwambia dada, subiri kwanza. Akasema nitasubiri harusi. Mume wangu ameniahidi, na siku ile nimeziona kreti. Akiwa mtu siku hiyo, chumba nakirudisha kwa mwenyewe. Asipokuwa mtu...” Akajipiga kiganja mdomoni. “Yaani pombe! Imenitoa siri ya dada yangu! Shem, mimi mlevi, si ndiyo? Sema mimi mlevi.”

Angekuwa amelewa kweli ningemsukuma pembeni, nikaomba keki. Pipa na maneno yake, nani asiyemjua? Lakini alichokunywa nilikijua. Nilikichemsha mimi.

“Wewe mlevi, shemeji,” nikasema.

“Ahsante,” akasema, akaenda kujaza nyingine.

Nikabaki na lile sanduku la kijani kichwani. Binti yetu masanduku yake ni mekundu. Nayajua vizuri, nilimnunulia mimi, kwenye duka lililoungua.

Msomaji, nina kasoro zangu, lakini si mjinga kabisa. Niliona njia. Stoo iko hatua chache tu, kufuli ni langu, bia ziko humo. Nikifungua sasa hivi, nikazitoa zote, nikazimwaga mezani kwa watu, mke wangu ataona mtu. Sikufikiria hela. Nakuapia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifikiria jambo bila kufikiria hela. Nikainama chini ya meza kuvua kiatu.

“Mabibi na mabwana!” mshereheshaji akanguruma. “Mama wa bibi harusi anaomba kusema machache!”

Niliinuka kwa haraka, kichwa kikagonga meza.

Mke wangu alikuwa ameshasimama katikati ya ukumbi, kipaza sauti mkono mmoja, glasi mkono wa pili.

“Mtanisamehe,” akasema. “Nimelewa.”

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

“Kwa kuwa nimelewa, niwape habari za mume wangu. Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Amefundisha nusu ya watu waliomo humu. Mkewe hajamfundisha. Aliniambia mafuta ni ghali.”

Vicheko.

“Siku ya kwanza kunitoa matembezi tulikunywa soda moja, mirija miwili. Nikadhani ni mapenzi.”

Watu wakapiga meza.

“Nilipojifungua huyu mnayemwona na shela, aliniletea maua hospitali. Mazuri! Yana na kadi. Nikaisoma kadi. Ina jina la mgonjwa wa kitanda cha pili.”

Hapo hata mkwe wa forodha aliteleza kwenye kiti. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ni kweli na kwa sababu alivyosimulia ungecheka tu. Kisha nikaona yeye hacheki.

“Mwanangu,” akasema, sasa kwa sauti ya chini, “nakuombea jambo moja. Siku utakayomwomba mumeo kitu kimoja tu, kimoja, akupe.”

Ukumbi ukasema “aaah.” Yeye alikuwa ananiangalia mimi.

“Basi,” akasema. “Ni pombe hiyo inazungumza.”

Shangwe, vigelegele, muziki ukafunguliwa. Binti yangu akanijia mbio, gauni amelikusanya mikononi.

“Baba, Mama amelewa! Mpeleke nyumbani kabla hajasema zaidi.”

“Sawa, mwanangu.”

“Na bia ziko wapi? Watu wa meza za nyuma wanaulizia bia.”

“Zinakuja.”

“Baba.” Akanitazama usoni. “Ulimwahidi Mama.”

“Zinakuja, mwanangu. Zinakuja sasa hivi.”

Kwa upande mmoja niliuona mlango wa stoo. Kwa upande mwingine niliona gauni la zambarau linatoka nje. Nikasimama katikati na ufunguo kwenye soksi. Halafu nikamkimbilia mke wangu.

Gari langu la kufundishia lilikuwa limeegeshwa nje ya geti, na kibao chake cha mwanafunzi juu ya paa. Mke wangu alikuwa ndani. Kwenye kiti cha dereva.

“Mke wangu, sogea upande huu.”

“Panda, Mwalimu.”

Akiniita Breki, ananitania. Akiniita Mwalimu, jua limezama. Nikapanda kiti changu cha siku zote.

“Huwezi kuendesha,” nikasema. “Kwanza hujui. Pili umelewa.”

“Nimelewa nini?”

Nikavuta mkanda, nikaufunga.

“Wewe ndiye uliyeleta vinywaji. Niambie. Nimelewa nini?”

Nilifungua mdomo. Mdomo huu umewashusha bei mafundi, wachinjaji na daktari wa meno nikiwa bado nimekaa kwenye kiti chake. Ulikosa neno.

“Asubuhi nilirudi nyumbani kuchukua viatu,” akasema. “Nikasimama mlangoni pa jikoni. Ulikuwa unacheza.”

Niliviangalia vile viatu vya fedha. Kimoja kilikuwa kimetulia juu ya klachi.

“Kwa nini hukusema?”

“Nilijiambia labda ni ya kuanzia tu. Mume wangu ameniapia, atafungua stoo. Nikakaa na glasi yangu ya tangawizi, nakusubiri. Shangazi amehutubia, nakusubiri. Keki imekatwa, nakusubiri. Watu wananiuliza, mama, mbona bia hatuzioni? Nawaambia zinakuja.”

“Nilikuwa nakwenda kufungua! Haki ya Mungu! Ufunguo huu hapa, uko kwenye soksi...”

“Kwenye soksi,” akasema taratibu.

Akacheka kidogo. Kisha hakikuwa kicheko tena, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, wanja wote ukaenda shavuni. Nilitaka kumshika. Nilipogeuka ndipo nikakiona kiti cha nyuma. Sanduku la kijani lilikuwa pale, limefungwa mkanda kama abiria.

Akawasha gari. Akatazama kioo cha ndani, akatazama vya pembeni, akatia gia, akaachia breki ya mkono. Gari likaondoka laini, bila kuruka, bila kukohoa. Nimefundisha kazi hii maisha yangu yote, na gari lile halijawahi kuondoka namna ile.

“Nani amekufundisha?”

“Yule mwalimu mwenzako wa ng'ambo ya barabara.”

“Yule tapeli?”

“Nimejilipia mwenyewe, kwa mapazia. Leseni iko kwenye pochi.” Akabadilisha gia, wala sikuisikia. “Siku ya kwanza nilitaka kupanda ukuta. Hakunikanyagia breki. Alisema tu, taratibu, mama, unaweza.”

Hiyo iliniingia kuliko zote za kwenye kipaza sauti.

Tukateremka barabara. Nyuma yetu muziki ulikuwa unapungua. Simu yangu ikaita, Pipa. Ikakatika, ikaita tena, binti yangu. Bila shaka walikuwa wanatafuta ufunguo. Sikupokea. Mbele zilionekana taa za njia panda.

“Kushoto ni nyumbani,” mke wangu akasema. “Kulia ni kiwanda cha magodoro. Unajua kuna nini kule?”

“Pipa ameniambia.”

“Pipa alikuwa amelewa,” akasema, na kwa mara ya kwanza jioni ile akatabasamu kidogo. Tabasamu likapita. “Nilipotoka ukumbini nilikuwa nimeshaamua. Halafu nikakuona kwenye kioo unakuja mbio, umeacha kreti zako zote nyuma. Hujawahi kuacha kitu chako kwa ajili yangu. Umenivuruga. Sasa sijui.”

“Basi kata kushoto, mke wangu.”

“Nyamaza. Nitaamua mwenyewe nikifika pale. Nakuomba kitu kimoja.” Alikuwa anatazama barabara, mikono yote miwili kwenye usukani, kama inavyotakiwa. “Siku moja tu. Usikanyage breki.”

“Sikanyagi.”

“Sema haki ya Mungu.”

Kiapo sikukitoa. Nampenda mwanamke huyu, msomaji. Nampenda mpaka naumwa, na sijawahi kumwambia, wakati kumwambia kulikuwa bure.

Njia panda ikatukaribia. Hakupunguza mwendo. Indiketa ya kulia ikaanza kuwaka na kuzima, tik, tik, tik, na mkono wake ukabaki palepale kwenye ile indiketa, sijui anataka kuiacha au kuirudisha.

Kitu kikanichoma unyayo. Nikatazama chini. Ulikuwa ufunguo wa stoo. Mguu wangu wa kulia, bila kuagizwa na mtu, ulikuwa umeshafika juu ya breki.

“Mwalimu,” mke wangu akasema bila kugeuka. “Naliona goti lako.”